Nyuma ya Picha

Mwanagenzi wa makumbusho hukabidhiwa sanduku. Langu, zamani hizo, lilikuwa la picha za Unguja zilizobandikwa juu ya makadi yaliyopinda kwa unyevu. Nilifundishwa kuvaa glavu, kushika picha pembeni, kuandika namba kwa penseli na si kwa wino, kisha kuilaza kwenye skana. Kila jioni niliulizwa swali moja tu: leo umemaliza ngapi?

Siku moja niliigeuza picha kabla ya kuilaza. Mbele, wanawake watatu wamekaa jamvini. Nyuma, kwa Kiingereza, yameandikwa maneno mawili yenye maana ya "wanawake wenyeji". Chini yake, kwa herufi za Kiarabu zilizofifia, mkono mwingine umeandika majina matatu. Fomu yetu ya katalogi ilikuwa na nafasi moja ya maelezo, na maneno ya Kiingereza yalikwisha kuijaza.

Niliipeleka nakala kwa bibi mmoja aliyejua kusoma hati hiyo. Akasoma jina la kwanza, la pili, kisha akanyamaza. "Huyu ni bibi yangu, mwanangu," akasema. "Mimi nimepewa jina lake. Sura yake sijapata kuiona mpaka leo."

Tangu siku ile ninaamini kwamba picha iliyoskaniwa bila jina imehifadhiwa nusu. Toleo hili linatetea ile nusu ya pili.

Picha hatuna uhaba nazo. Studio za A. C. Gomes na za ndugu Coutinho zilifanya kazi Unguja tangu karne ya 19. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930. Nyingine zimesafiri mbali. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilipata mkusanyo wa Humphrey Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na baadaye kikaziweka kwenye intaneti. Kijana wa Kikwajuni, hapa Unguja, anaweza kuzitazama kwa simu yake. Lakini atasoma maelezo ya nani?

Mambo mengine picha huyasema yenyewe. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Unguja la mwaka 1883, palikuwa na mnara uliosimama peke yake. Mizinga ya Waingereza iliuharibu tarehe 27 Agosti 1896, na mnara wa saa ukaja kujengwa kwenye jumba lenyewe. Basi ukiuona ule mnara wa kando ungali mzima, picha imepigwa kabla ya siku hiyo. Na tangu sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, picha hizo zimekuwa shahidi wa jinsi lilivyokuwa.

Jina la mtu, hata hivyo, halisomeki ukutani. Liko kwa wazee, na wazee hawatungoji. Skana itanunuliwa mwakani ikikosekana mwaka huu. Bibi aliyenisomea majina yale hayupo tena.

Kwa hiyo tunayataka makumbusho yetu yafanye haya. Kila picha iskaniwe mbele na nyuma. Maelezo ya mkoloni yasifutwe, maana nayo ni historia, ila yaandikwe kuwa ni maneno yake, na kando yake pawepo nafasi ya Kiswahili: nani huyu, ni wapi, nani amemtambua na lini. Mwanagenzi apewe siku moja katika juma ya kwenda barazani na nakala mkononi. Na familia iulizwe kwanza, kwani yapo majina ambayo wenyewe hawataki yatangazwe.

Watasema kazi itachelewa. Naam, itachelewa. Sanduku ambalo lingemalizwa kwa mwezi litakula miezi mitatu. Lakini yule bibi alikaa maisha yake yote mwendo wa dakika chache kutoka kwenye sanduku lililokuwa na sura ya nyanya yake, na sisi ndani tulikuwa tunahesabu picha.

Makala zinazofuata zimeandikwa na watu wanaofanya kazi hii mezani na barazani. Ukizimaliza, fungua kabati la nyumbani kwako, utoe albamu, umkalishe mkubwa wa nyumba, na uchukue penseli.