Butura: Mnada wa mtandaoni haumfikii aliyekwisha uza maua

KILA ifikapo Januari, katika vijiji vya wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, kuna biashara inayofanyika kimya kimya wakati kahawa bado ni mbichi mtini. Mkulima anahitaji fedha za sare na madaftari ya watoto, ana mgonjwa nyumbani, au ana msiba. Jirani mwenye duka, au mchuuzi anayepita na pikipiki, anazo fedha mkononi. Wanakubaliana bei ya kilo, fedha zinatolewa, na kahawa itakayovunwa kuanzia Mei inakuwa imepata mwenyewe mpya. Wenyeji huiita biashara hiyo butura.

Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na viongozi wa mkoa wameikemea katika mikutano mingi ya hadhara. Hata hivyo, bado ipo. Jambo jipya ni kwamba miaka ya karibuni kahawa ya Kagera imeanza kuuzwa kwa mnada, na wanunuzi wanatoa bei zao kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Wengi walitarajia kwamba mnada huo ungeiua butura. Swali la kujiuliza ni kwa nini haujaiua.

Mnada unavyofanya kazi

Baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa katika miaka ya 1990, kampuni binafsi ziliruhusiwa kununua moja kwa moja kwa mkulima. Utaratibu huo ulibadilika mwaka 2018, pale Serikali ilipoagiza kahawa yote ikusanywe kupitia vyama vya ushirika vya msingi, maarufu kama AMCOS. Kwa Karagwe na Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipopata hadhi ya wilaya mwaka 2012, chama kikuu ni KDCU.

Mkulima anapeleka kahawa yake ya maganda kwenye AMCOS, inapimwa uzito na ukavu, naye anapewa stakabadhi. Kahawa ya wakulima wengi inaunganishwa kuwa mzigo mmoja ghalani. Siku ya mnada, wanunuzi waliosajiliwa wanaweka dau kwenye mfumo wakiwa popote walipo, Dar es Salaam, Moshi au Bukoba, na dau kubwa ndilo linaloshinda. Bei inatangazwa hadharani, na malipo hupitia benki baada ya makato.

Faida ya utaratibu huu haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye idadi ya wanunuzi. Mnunuzi mmoja akikaa na muuzaji mmoja mwenye shida, bei inapangwa na shida. Wanunuzi kumi wakigombea mzigo mmoja bila kuonana, bei inapangwa na soko.

Somo kutoka kwa wauza likizo

Jambo hili halihusu kahawa peke yake. Marekani na Ulaya ipo biashara ya kuuza wiki za likizo. Mtu hanunui nyumba, bali hununua haki ya kutumia chumba katika hoteli ya mapumziko kwa wiki moja kila mwaka. Wengi huuziwa haki hiyo wakiwa matembezini, katika kikao kimoja na wauzaji hodari, wakihimizwa kutia saini siku hiyo hiyo, na hulipa maelfu ya dola.

Baadaye mtu anapotaka kuiuza, hupata mshangao. Kwenye minada ya mtandaoni kama ule wa eBay, wiki za aina hiyo zimewahi kuuzwa hata kwa dola 1. Wanaozinunua kwa bei hiyo ya kutupa wanajua kwamba watarithi pia ada ya matunzo, ambayo lazima ilipwe kila mwaka, chumba kitumike au kisitumike. Kwa hiyo dola 1 siyo bei yote. Wapo waliodhani wameokota na kumbe wamejitwisha deni.

Somo ni la pande mbili. Kwanza, bei iliyopangwa chumbani kati ya mtu mwenye haraka na mtu mwenye ujuzi huwa mbali sana na bei ya mnada. Pili, mnada huonyesha thamani ya kitu lakini haumrudishii mtu kile alichokwisha kupoteza kabla ya kuufikia. Katika likizo aliyeumia ni mnunuzi wa kwanza. Katika butura anayeumia ni muuzaji, kwa kuwa ameuza msimu wake kabla bei haijajulikana, na bado palizi na ulinzi wa shamba vinabaki juu yake.

Hesabu ya kilo 200

Chukua mfano wa mkulima anayehitaji Sh 300,000 mwezi Januari. Anauza kwa butura kilo 200 za maganda kwa Sh 1,500 kila kilo. Mwezi Juni mnada unafanyika, na baada ya makato yote bei inayomfikia mkulima ni Sh 3,500. Kilo zake 200 sasa zina thamani ya Sh 700,000, lakini si zake tena. Kwa kupata Sh 300,000 miezi mitano mapema, ametoa Sh 400,000 zaidi ya alizopokea.

Sasa chukua jirani yake aliyekopa Sh 300,000 hizo hizo SACCOS, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Baada ya miezi mitano anadaiwa Sh 330,000. Akiuza kilo zisizofika 95 kwenye mnada, deni limekwisha. Anabaki na kilo zaidi ya 105, ambazo ni karibu Sh 370,000 mfukoni.

Mtu anaweza kuuliza: na bei ikianguka? Swali hilo ni la haki. Bei ikishuka hadi nusu, yaani Sh 1,750, aliyekopa SACCOS bado analipa deni lake lote na kubaki na Sh 20,000. Ni pale tu bei inayomfikia mkulima inapokuwa chini ya Sh 1,650 ndipo aliyeuza butura anakuwa amenusurika kuliko aliyekopa. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mkulima anaweza kuweka za kijiji chake na kupata jibu lake.

Mnunuzi naye ana hatari zake

Si haki kumchora kila mnunuzi wa butura kama mnyonyaji asiye na huruma. Mara nyingi ndiye mtu pekee kijijini anayeweza kutoa fedha usiku mgonjwa anapozidiwa, bila fomu wala mdhamini. Naye amejiingiza kwenye hatari. Ukame unaweza kupunguza mavuno. Mkulima asiye mwaminifu anaweza kuuza kahawa hiyo hiyo kwa watu wawili. Kwa kuwa biashara yenyewe imepigwa marufuku, mnunuzi aliyedhulumiwa hana pa kwenda kushitaki.

Bei nayo haipandi daima. Katika soko la London, ambako bei ya robusta ya dunia hupangwa, tani moja ilipita dola 5,500 mwezi Februari 2025, baada ya mavuno hafifu katika nchi kubwa zinazozalisha kahawa kama Vietnam. Kufikia Julai mwaka huo huo ilikuwa imeshuka chini ya dola 3,500. Mchuuzi aliyetoa fedha Januari kwa kutegemea bei ya Februari alikuwa amecheza kamari. Ili ajikinge na hatari hizo zote, mnunuzi wa butura huishusha bei yake tangu mwanzo, na anayelipia kinga hiyo ni mkulima.

Kwa Kyerwa kuna jambo jingine. Ng'ambo ya mto Kagera ni Uganda, ambako wanunuzi binafsi hulipa taslimu papo hapo. Kahawa ya butura haina stakabadhi ya AMCOS, hivyo ni rahisi kuvushwa usiku. Ikivuka, haihesabiki kwenye mnada, halmashauri inakosa ushuru, na mzigo wa chama unapungua.

Tatizo ni Januari, si Juni

Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga. Marufuku inamkuta mkulima ana shida, inamwacha na shida yake ile ile, na butura inahamia gizani ambako bei ni mbaya zaidi. Mnada umetengeneza bei ya Juni. Hakuna aliyetengeneza fedha za Januari.

Kwa mkulima, hatua ya kwanza ni kuacha kulipa deni kwa kilo. Ukikopa shilingi, lipa shilingi. Deni la Sh 300,000 likiandikwa kama Sh 300,000 pamoja na riba iliyotajwa, kupanda kwa bei ya kahawa kunabaki kuwa faida ya mwenye shamba. Likiandikwa kama kilo 200, faida hiyo imekwisha hama.

Hatua ya pili ni kutumia mazao mengine kubeba mahitaji ya mwanzo wa mwaka. Karagwe inafahamika kwa maharage, na yale ya mvua za vuli huwa tayari wakati shule zinafunguliwa. Familia inayotenga sehemu ya maharage na ndizi kwa ajili ya mahitaji ya shule inaweza kuiacha kahawa ikomae ikiwa bado ni mali yake. Anayeshindwa kabisa, basi akope kiasi cha shida iliyopo tu, asiuze shamba zima la msimu.

Kwa vyama, kazi ni mbili. Ya kwanza ni kulipa haraka, kwani kila wiki ambayo mkulima anasubiri fedha zake baada ya mnada ni tangazo la bure kwa mnunuzi wa butura. Ya pili ni kutumia kumbukumbu walizonazo. AMCOS inajua kila mwanachama alileta kilo ngapi katika misimu iliyopita. Kumbukumbu hizo zinaweza kuwa dhamana kwa SACCOS au benki, ili mwanachama apate mkopo mdogo mwezi Januari na ukatwe kwenye malipo ya mnada mwezi Juni.

Hata mchuuzi anaweza kunufaika. Fedha anazozihatarisha kwenye maua zinaweza kununua maharage yaliyokwisha vunwa, au kukodi gari la kupeleka kahawa ya wanachama ghalani, biashara ambazo hazimlazimu kujificha.

Mnada wa mtandaoni ni mlango mzuri, lakini unamfaa anayefika mlangoni akiwa na mzigo wake. Wakati umefika kwa vyama, halmashauri na taasisi za fedha kuacha kuhesabu wanunuzi wa butura waliokamatwa, na kuanza kuhesabu wakulima waliofika Mei kahawa yao ikiwa bado ni yao.