Vazi la Dominika

Muuza mitumba akifungua belo gulioni, watazame akina mama wa Kwakoa. Wanageuza gauni ndani nje, wanavuta mshono, wanakagua kwapa na kola, ndipo wanauliza bei. Hiyo ni busara. Fedha ya mbuzi aliyeuzwa wakati wa ukame haichezewi.

Lakini tukipanga sherehe kanisani, busara hiyo tunaisahau. Tunachagua kitenge kipya cha sare, hata kama cha mwaka jana hakijapauka. Mama mmoja alikosa Misa yetu ya jubilei. Nilipomtembelea aliniambia, "Baba, sikuwa na sare." Sare ile niliitangaza mimi mwenyewe, altareni.

Mtume Yakobo, sura ya 2, anatuonya tusimheshimu mwenye mavazi mazuri huku tukimdharau maskini. Kupendeza si dhambi. Vaa safi, vaa kinachokufaa. Ila kabla ya kununua jiulize: Ninakihitaji? Kitadumu? Je, jirani yangu ataona haya kuketi karibu nami?

Sare ya mwaka jana yatosha. Asiye nayo aje na gauni lake la mtumba, akae benchi la mbele.

Dominika njema.