MICHEZO YETU: Maswali juu ya kuogelea, baiskeli na mbio



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulieleza habari za mashindano ya michezo mitatu. Mshindani huanza kwa kuogelea. Akitoka majini hupanda baiskeli. Akishuka kwenye baiskeli hukimbia kwa miguu mpaka mwisho. Yote ni shindano moja, na saa haisimami katikati. Jina la mchezo huu ni traiathloni. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kigiriki. Maana yake ni shindano la mambo matatu.

Tangu hapo tumepata maswali kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria. Vijana wa huko wana maji, wana baiskeli na wana miguu. Wanataka kujaribu. Kamati zao za michezo zinauliza sheria. Leo tunajibu.

Swali: Je, mchezo huu ni wa zamani?

Si wa zamani sana. Mashindano ya kwanza yaliyoitwa kwa jina hilo yalifanyika mjini San Diego, Marekani, mwezi Septemba mwaka 1974. Huo ndio mwaka ambao ndugu yetu Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 kule Christchurch, New Zealand. Katika michezo ya Olimpiki traiathloni iliingia mwaka 2000 mjini Sydney, Australia. Wanawake ndio walioshindana kwanza. Wanaume walifuata siku ya pili, kwa umbali ule ule.

Tunataja jambo hilo kwa sababu kamati moja imeuliza kama wanawake waruhusiwe. Jibu ni ndiyo. Washindane wao kwa wao, na zawadi iwe sawa na ya wanaume.

Swali: Je, ni lazima tuogelee mita 1500 kama Olimpiki?

Hapana. Katika Olimpiki watu huogelea mita 1500, huendesha baiskeli kilometa 40, kisha hukimbia kilometa 10. Hao wamefanya mazoezi miaka mingi. Kijiji kinachoanza kisiige hivyo. Sisi tunashauri kuogelea mita 200, baiskeli kilometa 10 na mbio kilometa 3. Kama watu ni wageni wa maji, mita 100 zinatosha. Hakuna aibu.

Swali: Mimi sijui kuogelea. Je, nimeachwa nje?

Hujaachwa. Watu watatu wanaweza kufanya kundi moja. Mmoja anaogelea, wa pili anapanda baiskeli, wa tatu anakimbia. Anayemaliza humpa mwenzake kitambaa, naye hukifunga mkononi na kuondoka. Asiyepokea kitambaa haondoki. Katika vijiji vingi huu ndio utakuwa mchezo mzuri zaidi, maana mvuvi, mwendesha baiskeli na mkimbiaji watakuwa kundi moja. Lakini mtu asiyejua kuogelea asiingie majini kwa kutaniwa na wenzake. Kamati imzuie.

Sasa tufike kwenye maji. Hapa tutakaa kidogo.

Swali: Je, sehemu ya hatari ni ipi?

Watu wengi hudhani ni baiskeli. Madaktari wa Marekani walikusanya habari za mashindano ya nchi yao kutoka mwaka 1985 mpaka 2016. Walipata matukio 135 ya watu kufa au mioyo yao kusimama ghafla. Katika hayo, matukio 90 yalitokea katika sehemu ya kuogelea. Na hao ni watu wa nchi yenye waokoaji na magari ya wagonjwa. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa wa moyo bila kujua. Mtu akipatwa barabarani huanguka, na wote humwona. Akipatwa majini huzama kimya, na wenzake wanaendelea kuogelea.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kijiji chochote iwe hesabu ya watu.

Hesabu hiyo hufanywa hivi. Kila mshindani aandikwe namba kwenye mkono kwa wino usiotoka majini. Makarani wawili wakae ufukweni. Mmoja aandike namba za wanaoingia majini. Wa pili aandike namba za wanaotoka. Wa mwisho akitoka, madaftari mawili yalinganishwe pale pale. Wakiingia 24, watoke 24. Wakitoka 23, mashindano yanasimama na kila mtumbwi unatafuta. Hata kama wa kwanza amekaribia kumaliza mbio, mashindano yanasimama. Mshindani akiamua kuacha, ni lazima aende kwa karani kumwambia, ndipo aende nyumbani. Mtu anayeondoka kimya huwafanya wenzake wapige mbizi kumtafuta, na yeye yuko kwake anakunywa uji.

Kazi ya karani haitaki mtu mwenye shule kubwa. Inataka mtu anayesoma namba bila haraka na asiyeondoka mahali pake. Wewe unayesoma gazeti hili unaiweza.

Njia ya kuogelea ifuate ufukwe. Isielekee katikati ya ziwa. Ipite mahali ambapo mtu mzima akisimama, maji yanafika kifuani. Wekeni alama kwa madumu matupu yaliyofungwa vizuri na kutiwa nanga ya jiwe. Wavuvi wanajua kazi hii kuliko sisi. Mitumbwi ikae upande wa kilindini, ikitazama washindani. Katika kila mtumbwi wawe watu wawili wanaojua kuogelea, kamba moja na boya. Mtumbwi usibebe watazamaji. Watazamaji wanapiga kelele, wanasimama wote upande mmoja, na mtumbwi unapinduka.

Washindani wasiingie majini wote kwa pamoja. Waingie watu sita, kisha baada ya dakika 3 watu sita wengine. Karani aandike saa ya kila kundi.

Swali: Nikichoka majini, naweza kushika mtumbwi?

Unaweza. Sheria za kimataifa pia zinaruhusu mtu kushika chombo kilichosimama apumzike. Hupotezi nafasi yako kwa kupumzika. Lakini mtumbwi usikuvute mbele hata kidogo. Ukihitaji kutolewa, inua mkono mmoja juu. Mkono ulioinuliwa maana yake ni moja tu: njooni. Asiinue mtu mkono kwa kusalimia rafiki.

Swali: Tuvae nini?

Kaptura na fulana inayobana. Akina mama na akina dada wanaweza kuvaa suruali nyepesi inayobana na fulana ya mikono mirefu. Khanga iachwe ufukweni, maana ikilowa hufunga miguu. Katika baiskeli nguo pana huingia kwenye mnyororo. Tena sheria za kimataifa hazimruhusu mtu kukimbia kifua wazi.

Swali: Vipi mamba, viboko na kichocho?

Kama mahali hapo mamba au kiboko huonekana, msiogelee hapo. Hatuna ushauri mwingine. Waulizeni wavuvi na wanaoteka maji. Msimwulize kijana mwenye hamu ya kushinda.

Kichocho ni jambo gumu zaidi kwa sababu halionekani. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wa majini na kuingia mwilini kwa kupenya ngozi. Hupenya katika dakika chache. Ziwa letu lina kichocho. Konokono wale hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Kwa hiyo kaeni mbali na matete na mahali watu wanapooga na kufulia. Vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea mchana. Anzeni saa 2 asubuhi, wakati kumekwisha kucha vizuri na upepo bado haujaamka. Hayo yote hupunguza hatari, lakini hayaiondoi. Atakayewaambia kwamba kujifuta kwa taulo kunatosha, msimwamini.

Mganga wa zahanati ashirikishwe kabla ya siku kupangwa. Akisema maji yale hayafai, ondoeni kuogelea. Kimbieni, pandeni baiskeli, kisha kimbieni tena. Huo nao ni mchezo unaotambuliwa duniani, unaitwa duathloni. Vijiji vya pwani vina nafuu hapa, kwa sababu kichocho hakipatikani katika maji ya chumvi. Ila bahari ina mikondo yake, na mkondo hauogopi mwogeleaji hodari.

Mvua kubwa ikinyesha usiku, ahirisheni. Maji ya mvua huteremsha kinyesi na taka ziwani. Wako watakaonung'unika kwamba ng'ombe amekwisha chinjwa. Waambieni habari za Paris. Mwaka 2024 mji ule ulikuwa mwenyeji wa Olimpiki. Traiathloni ya wanaume ilipangwa tarehe 30 Julai katika Mto Seine. Mvua ilikuwa imenyesha, na vipimo vikaonyesha maji ni machafu. Mashindano yakaahirishwa mpaka kesho yake, tarehe 31. Kama dunia nzima ilisubiri, kijiji kinaweza kusubiri.

Swali: Sheria za baiskeli ni zipi?

Kofia ngumu ni ya lazima. Mshindani huivaa na kufunga mkanda wake kabla ya kugusa baiskeli. Haifungui mpaka baiskeli imerudishwa mahali pake. Najua kofia za baiskeli ni adimu vijijini. Kofia ya bodaboda ni nzito na ina joto, lakini kichwa ni kimoja. Azimeni. Kama kofia ni chache, waende watu wachache kwa zamu.

Mahali pa kuwekea baiskeli hapapandiwi baiskeli. Mshindani anaisukuma mpaka kwenye mstari uliochorwa, ndipo apande. Akirudi anashuka kabla ya mstari. Sheria hii huonekana ndogo mpaka siku mtu anapogongwa akiwa anafunga kamba za viatu.

Barabarani kaeni kushoto. Katika mashindano mengi ya watu wa kawaida mtu haruhusiwi kumfuata mwenzake kwa karibu. Anatakiwa kuacha nafasi ya mita 10. Sababu yake ni upepo. Wa mbele anaupasua, wa nyuma anapata mteremko wa bure. Katika Olimpiki wanaruhusiwa kufuatana, lakini wale wamezoea. Kwetu, ambako breki nyingi ni kiatu cha mwenyewe, acheni mita 10. Na baiskeli isiyo na breki isikubaliwe. Kamati izikague zote jana yake jioni.

Chagueni barabara ya kijiji, si ile ya mabasi. Kama lazima mkatize barabara kubwa, waoneni polisi mapema.

Swali: Mnyororo ukikatika au tairi likipasuka?

Utengeneze mwenyewe. Ukishindwa, unaweza kuisukuma au kuibeba baiskeli mpaka mwisho wa sehemu ile. Usiiache njiani ukaja peke yako. Ndugu yako asikupe baiskeli yake, labda kamati iwe imeruhusu hivyo kwa wote kabla ya kuanza.

Swali: Sina viatu vya kukimbilia. Naweza kukimbia pekupeku?

Katika mashindano makubwa ya traiathloni, viatu ni lazima. Lakini Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za maratoni za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Sisi tunaona kamati ya kijiji iruhusu, na njia ifagiliwe miiba na chupa. Mtu anaweza pia kutembea. Kutambaa hakuruhusiwi. Anayetambaa anahitaji kivuli na maji, hahitaji mstari wa mwisho.

Swali: Naweza kumsaidia mwenzangu aliyechoka?

Mwaka 2016 kule Cozumel, Mexico, kijana wa Uingereza aitwaye Jonny Brownlee alikuwa akiongoza. Joto lilikuwa kali. Karibu na mwisho miguu ilimlegea. Kaka yake Alistair, aliyekuwa nyuma, alimshika begani, akakimbia naye, akamsukuma avuke mstari mbele yake. Henri Schoeman wa Afrika Kusini aliwapita akashinda. Sheria za wakati ule ziliruhusu mshindani kumsaidia mshindani. Baadaye zilikazwa. Kwetu tufanye hivi: mwite mhudumu, mkae kivulini, mpe maji. Ukisimama kwa ajili hiyo, karani aandike dakika ulizosimama na kuzitoa katika hesabu yako. Wekeni mitungi ya maji safi yaliyochemshwa kila kilometa moja ya mbio.

Swali: Mshindi anajulikanaje?

Kwa muda wote, tangu kundi lake lilipoingia majini mpaka alipovuka mstari. Kubadilisha nguo kunahesabiwa. Tuseme mtu ameogelea dakika 9, amebadilisha dakika 2, baiskeli dakika 38, amebadilisha tena dakika 1, amekimbia dakika 19. Jumlisha: 9 + 2 + 38 + 1 + 19 = 69. Amemaliza kwa saa 1 na dakika 9. Kwa kuwa makundi hayakuanza pamoja, anayevuka mstari wa kwanza huenda asiwe mshindi. Litangazeni jambo hilo asubuhi kwa sauti kubwa, maana jioni halitasikilizwa.

Baada ya wiki 6 hadi 8, wote walioingia majini, pamoja na watu wa mitumbwi, waende zahanati kupimwa choo na mkojo. Atakayeonekana ana kichocho atapewa dawa iitwayo prazikwanteli, na atapona. Karani alitunze daftari lake mpaka siku hiyo, ili ajue ni nani bado hajaenda.

Wengine mmeuliza namna ya kupima kilometa 10 kwa gurudumu la baiskeli na kitambaa chekundu. Hilo tutalijibu mwezi ujao.