Tone moja la damu kabla ya mseto

Mtoto akipata homa usiku Mkata au Mombo, neno la kwanza nyumbani huwa malaria. Kukicha, mtu anatumwa duka la dawa kununua mseto, mtoto anameza, na wote wanasubiri joto lishuke.

Hofu hiyo ina msingi. Malaria imewasumbua watu wa Handeni na Korogwe kwa vizazi. Majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S yalipoanza mwaka 2009, Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika.

Lakini si kila homa ni malaria. Nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo huanza na joto lilelile, na mseto hauyatibu. Mtoto mwenye nimonia anayepewa mseto anapotezewa siku ambazo hana. Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza.

Kipimo cha haraka, MRDT, kinahitaji tone dogo tu. Mhudumu huvaa glavu, husafisha kidole kwa spiriti na kukiacha kikauke, kisha hukichoma kwa kisindano kipya ambacho hakitumiki tena kwa mwingine. Damu huwekwa kwenye tundu lake, na dawa ya matone kwenye tundu la pili. Kwa kawaida majibu huhitaji dakika 15 au zaidi. Yakisomwa mapema, mstari hafifu unaweza kukosa kuonekana. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika na kinarudiwa kwa kingine.

Majibu yakisema hakuna malaria, mzazi asiondoke akinung'unika kwamba kipimo ni kibovu. Aulize: "Daktari, sasa homa hii inatokana na nini?" Isipokoma baada ya siku mbili, amrudishe mtoto.

Na kama mtoto amemaliza mseto wiki chache tu zilizopita, mhudumu aambiwe. Vimelea vinaweza kuwa vimekufa, lakini masalia yake yakabaki kwenye damu na kipimo kikaendelea kuonyesha malaria. Hapo hadubini husaidia.

Mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au mwenye degedege hasubiri kukuche, wala hapitishwi kwanza kwa mganga. Anapelekwa kituoni usiku huohuo.