AFYA YA JAMAA: Miguu Iliyofungwa



Mtoto alikwenda shamba akiwa mzima. Siku ya pili hawezi kusimama. Miguu yote miwili imekakamaa, homa hana, na akili zake ni timamu. Ndugu wanakusanyika, na mara nyingi neno la kwanza linalotajwa ni uchawi. Ndipo mbuzi huuzwa, mpiga ramli huitwa, na bibi kizee wa jirani hutazamwa kwa jicho baya. Juma hili twataka kusema juu ya kupooza kwa namna hiyo, ili jamaa za Kasongo na Kabambare zijue lipi lasaidia na lipi ladhuru.

Maradhi hayo huitwa konzo. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kwango, magharibi ya nchi yetu, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Yalionekana Msumbiji mwaka 1981, Tarime katika Tanzania mwaka 1985, na tena Kivu ya Kusini, iliyopakana na Kabambare. Asili yake ni muhogo mchungu usiotengenezwa vema. Ndani yake mna sumu ya sianidi. Wakati wa njaa, ukame au vita, watu hufupisha siku za kuloweka, nao hula bukari bila samaki, nyama wala maharagwe, navyo ndivyo vinavyoupa mwili nguvu ya kuishinda sumu hiyo. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Konzo haiambukizi, wala hakuna mtu awezaye kumtumia mwenziwe.

Je, dawa iko? Twasema kweli: miguu iliyopooza kwa konzo hairudii uzima wake wote, na hakuna dawa ya hospitali wala ya msituni iliyothibitishwa kuiponya. Lakini maradhi haya hayaendelei kuzidi kama mtu hakupatwa mara ya pili. Neno hilo ni tumaini kubwa.

Kutafuta dawa za kando si kosa la Waafrika peke yao. Ulaya na Amerika yako maradhi mengine ya mishipa ya fahamu yadhoofishayo miguu, yaitwayo multipo sklerosi. Kwetu ni nadra, na asili yake si muhogo. Huko nako wagonjwa wamejaribu mengi, hata kuumwa na nyuki kwa makusudi. Mwaka 2005 madaktari wa Uholanzi walitoa habari za jaribio lao la nyuki hao, nao hawakuona faida. Lakini mazoezi ya mwili, yakifanywa kwa kiasi, yamewafaa wengi. Basi kila dawa na ipimwe kwa matunda yake.

Kwa mgonjwa wa konzo yafaa haya. Kila siku nduguye amnyoshe miguu taratibu, na kukunja wayo kuelekea juu, ili mshipa wa kisigino usifupike. Kumkanda kwa mafuta hakudhuru, kama hakumtii uchungu. Achongewe fimbo imara, afundishwe kutembea, na arudi shuleni, maana akili yake haikupooza. Yasiyofaa ni haya: kuchanjwa kwa wembe uliotumiwa na wengine, kuchomwa moto, na kunyweshwa mizizi isiyojulikana. Kupiga ramli kwakatazwa na Kanisa, tena kwavunja udugu. Wazee walisema: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtu aliyesingiziwa uchawi hasahau.

Angalieni pia: mtoto yeyote aliyelegea miguu ghafula apelekwe upesi kituo cha afya. Huenda ikawa polio, ambayo lazima itangazwe ili watoto wengine wachanjwe.

Nanyi akina mama, kinga iko mikononi mwenu. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu au nne, hata ulainike kabisa. Msiutoe mapema kwa sababu soko linangoja. Unga nao waweza kusafishwa tena. Utieni katika beseni, wekeni alama mahali unapofika, kisha changanyeni na maji: unga utashuka kwanza, halafu utapanda tena. Ukifika penye alama, acheni maji. Utandazeni mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu itoke hewani. Kisha upikeni siku ile ile. Katika kijiji kimoja cha Popokabaka, huko Kwango, akina mama walishika desturi hiyo tangu mwaka 2010, na katika muda wa kazi hiyo hakikuonekana kisa kipya cha konzo. Bukari iandamane na samaki wadogo, maharagwe au karanga, kila ipatikanapo.

Katika Injili mtu aliyepooza hakufika kwa Yezu kwa miguu yake. Wanne walimchukua, wakafumua dari. Kijijini kwako je, nani anayengoja wanne wake? Jumapili ijayo, kabla ya kengele ya Misa, mpitieni.