Rafiki Naye Apewe Ruhusa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii sote tumeiandika katika insha, tena wengine wetu tumeiandika mara tatu katika insha moja ili kujaza ukurasa. Lakini mimi, mpenzi msomaji, nimeiona ikitembea kwa miguu, ikipanda tuktuk pale Kibuye alfajiri na kuelekea Kondele. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wengi wenu mnazo habari zangu, ila mnazo kwa minong'ono. Basi wacha niseme waziwazi. Nina saratani. Inaitwa limfoma ya Hodgkin, kwa jina la daktari Mwingereza, Thomas Hodgkin, aliyeieleza mwaka wa 1832. Ilianza kwa uvimbe shingoni usiouma, jasho la usiku la kulowesha shuka, na kukonda hata kaptura ya michezo ikawa inanishuka uwanjani. Zahanati ya kwanza ilisema ni kifua kikuu, kwa kuwa dalili zinafanana, nikameza vidonge miezi miwili bure. Baadaye kipande cha tezi kikakatwa, kikapelekwa maabara, na jibu likaja. Haiambukizi. Narudia kwa ajili ya yule ndugu aliyehamisha sahani yake pale bwaloni: haiambukizi!

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nilipopewa tarehe ya kemo ya kwanza, wenzangu watatu wa kidato cha tatu waliomba ruhusa ya kunisindikiza. Jibu la ofisini lilikuwa fupi: wao si jamaa zangu, mama yangu yupo, na vipindi havingoji mtu. Ni majadiliano ya siku nne yaliyowapatia ruhusa, tena ya shingo upande, na kwa sharti kwamba isiwe mazoea. Mimi nasema iwe mazoea.

Tulifika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga saa moja kasoro. (Nyanya yangu haitaji jina hilo. Kwake ni "Russia" tu, kwa sababu Warusi ndio waliosaidia kuijenga, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1969.) Mama alikuwa ameacha omena zake kwa jirani sokoni. Mara tu tulipofika akaanza safari za dirisha hadi dirisha: faili, damu ipimwe, majibu ya damu, malipo, muhuri, rudi tena kwa faili. Saa tatu nzima hakuketi. Nawauliza walimu wangu kwa heshima, kama wale watatu wasingalikuwepo, mimi ningalikaa na nani kwenye lile benchi?

Kwenye benchi lile niliona mengi. Mbele yetu aliketi mama mmoja na mtoto wa miaka mitano hivi, taya lake limevimba upande mmoja kama aliyeficha embe mdomoni. Mwenzangu mmoja, yule anayependa sana Bayolojia, akaninong'oneza kwamba huenda ni ile saratani ya Burkitt. Nilipopata nafuu nilisoma habari zake. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ayalandi aliyefanya kazi Mulago, Kampala, na mwaka wa 1958 akaandika juu ya uvimbe huu wa mataya, ambao huwapata sana watoto wa sehemu zenye malaria nyingi kama huku kwetu ziwani. Mwaka wa 1961 aliendesha gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wiki kumi, kilomita kama 16,000, akiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana. Hakwenda peke yake, alifuatana na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Katika miaka hiyo ya sitini ikaonekana kwamba uvimbe huo unaweza kupona kwa dawa peke yake, bila kisu. Kwa hiyo anayesema kemo ni mambo ya Wazungu, ya mbali, hajui kwamba sehemu kubwa ya habari yake ilianzia ng'ambo tu ya maji haya.

Zamu yangu ikafika. Mwenzetu mmoja alikuwa na mafua, sista akamzuia mlangoni: "Mwanangu, dawa hizi zitapunguza chembe nyeupe za damu yake. Mafua yako kwake si mchezo." Basi jamaa akazunguka nje, akasimama kwenye dirisha muda wote, akinikonyeza na kuniigizia walimu, ambao sitawataja. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka.

Dripu ikaingia. Kisha ikaja dawa nyekundu kama soda. Hiyo sista hakuiacha itiririke yenyewe, aliisukuma kwa mkono wake, polepole mno, macho hayabanduki kwenye mshipa, kwani ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama. Mfuko wa mwisho ulifunikwa usipigwe na mwanga. Ulichoma mkono hadi begani. Hapo ndipo nilipolia, mimi beki wa shule!

Nami nataka mnielewe vizuri hapa. Mama alipochungulia nilifuta machozi na kutabasamu. "Nyathina, uko sawa?" "Niko sawa, mama." Nilimdanganya, na yeye alinidanganya kwa kukubali. Mtoto hulazimika kumlinda mzazi wake siku kama ile, na kazi hiyo inachosha kuliko dawa. Kwa wale wawili waliokuwa ndani sikuwa na mtu wa kumlinda. Mmoja alinishika mkono mwingine, akasema tu, "Omera, lia, hakuna mtu anatazama," akageuza uso ukutani. Mambo kama hayo jamaa wa damu hawayawezi, si kwa kutopenda, ni kwa kupenda kupita kiasi.

Halafu nilienda msalani, nikaona mkojo mwekundu. Lo! Nusura nipige nduru nikidhani ni damu. Yule wa Bayolojia alicheka mpaka akaketi sakafuni. Sista alikuwa ameshatueleza kwamba ni rangi ya dawa tu, ila mimi kwa hofu sikusikia neno. Wao walisikia, wakaandika kwenye daftari: joto likifika 38 arudi hospitali upesi, hata kama ni usiku wa manane, mboga mbichi zisizooshwa, hapana, atapike, anywe maji kidogo kidogo. Nilitapika usiku ule, na daftari likatumika.

Siwasifu marafiki wote, la. Jioni ya kuamkia siku ile walikuja kama thelathini nyumbani, wakalia na kuimba hadi jirani akauliza matanga ni ya nani. Mwingine alinisimulia jinsi mjomba wake alivyokufa kwa saratani. Hao nao waliitwa marafiki. Kwa hivyo nakubaliana na ofisi kwamba darasa zima haliwezi kumwagwa hospitalini, tena vipindi vya hesabu vikikosekana ni hasara. Ninachoomba ni kidogo: mwanafunzi anayekwenda kwa matibabu mazito asindikizwe na wenzake wawili aliowachagua mwenyewe, kwa zamu, kwa barua iliyosainiwa, na wengine wawaandikie maelezo ya vipindi. Timu ya mpira ikienda Kakamega mechi, wachezaji kumi na wanane hukosa vipindi viwili na hakuna anayeuliza kama ni jamaa.

Kemo yangu huja kila baada ya wiki mbili. Inayofuata ni Alhamisi ijayo. Majina mawili yameshaandikwa kwenye barua, na yule wa mafua amepona, ni wa kwanza. Barua iko mezani kwa naibu tangu Jumatatu.