Uchambuzi: Utamaduni wa kazi ndani ya NEMA Kenya ni suala la uhai wa raia

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililosheheni gesi lililipuka katika kituo cha kujazia mitungi mtaani Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu kadhaa walifariki dunia na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Siku chache baadaye, bodi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitangaza kuwasimamisha kazi maofisa wanne, baada ya kubainika kuwa kituo hicho kilipewa leseni ya mazingira mwaka 2023 ilhali kilikuwa kando ya makazi ya watu. Kwa upande wake, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, EPRA, ilieleza kuwa iliyakataa maombi yanayohusu eneo hilo mara tatu katika mwaka huohuo.

Taasisi mbili za serikali moja zilitazama kiwanja kimoja na kutoa majibu yanayokinzana. Mjadala wa umma ulijikita katika rushwa na uzembe wa watu binafsi. Hata hivyo, lipo swali jingine lisilopewa uzito: je, mtumishi wa ngazi ya chini aliyeona kasoro angeweza kusema hapana bila kuhofia kazi yake?

Leseni ya mazingira haitolewi kwa mkono mmoja. Ripoti ya tathmini ya athari huandaliwa na mtaalamu anayelipwa na mwenye mradi, kisha hupokelewa, hupelekwa kwa taasisi husika ili zitoe maoni, hukaguliwa, na hatimaye hutiwa saini. Kila meza ni fursa ya kulizuia kosa. Lakini pale ambapo kila ofisa huamini kwamba aliyemtangulia alikagua, au huhofu atakayemfuatia kwa kuwa ni mkubwa wake, meza nyingi huwa sawa na meza moja.

Gharama ya ukimya wa aina hiyo inajulikana vyema Mombasa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri chakavu kilichoanza kazi mwaka 2007 kiliwaathiri kwa sumu wakaazi wa eneo hilo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipendekeza kifungwe baada ya kushiriki katika tathmini ya mazingira. Badala ya kusikilizwa, aliondolewa katika jukumu hilo. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikabebeshwa asilimia 40 ya wajibu huo. Baada ya uamuzi huo kutenguliwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024. Kwa maneno mengine, udhaifu wa usimamizi hulipiwa mara mbili: kwanza na miili ya wananchi, kisha na kodi yao.

Kuwasimamisha kazi watuhumiwa baada ya maafa kuna nafasi yake, kwani uwajibikaji hauwezi kukosa sura za watu. Hata hivyo, adhabu peke yake huwafunza watumishi somo jingine, nalo ni kutoandika lolote linaloweza kuwarudia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 dhidi ya hongo inawalinda wanaoripoti hongo, lakini shinikizo la simu kutoka juu lisilohusisha fedha ni gumu kulithibitisha. Ndiyo maana wanaharakati wamekuwa wakidai sheria pana ya kuwalinda watoa taarifa.

Mengi, hata hivyo, hayahitaji kusubiri bunge. Pingamizi la mkaguzi linaweza kubaki ndani ya jalada bila kufutwa, na mkubwa anayelipuuza akalazimika kuandika sababu zake na kutia saini. Uhamisho wa ghafla usitumike kumkomoa aliyekataa ombi. Taasisi moja inapokataa mradi, nyingine ipate taarifa kabla ya kutoa kibali. Na kosa dogo linapogunduliwa mapema, anayelitaja apokelewe kama msaidizi, wala si msaliti. Usipoziba ufa, wahenga walinena, utajenga ukuta.

Funzo hili haliishii Kenya. Uganda na Tanzania nazo zina taasisi za umma zinazotegemea tathmini na ukaguzi wa aina hiyo, huku miji ikipanuka na viwanda vikisogelea nyumba za watu. Sheria nzuri zimeandikwa kote. Lakini kwa familia zilizolala Mradi usiku ule, kinga ya mwisho haikuwa sheria, bali mtumishi mmoja mwenye jalada mezani, na uhuru wake wa kusema kwamba mahali hapa hapafai.